MASHINE YA KUMJALI MTU: NI MTU GANI HUYO?

Neno jipya limefika kazini. Limeletwa na wakubwa waliotoka semina, limeandikwa katika karatasi za makontrakta, na sasa hata manyapara wameanza kulisema. Wanasema mashine za siku hizi "zinamweka mtu katikati". Wanasema zamani mtu alikuwa mtumwa wa mashine, lakini sasa mashine imekuwa rafiki wa mtu, na kwamba kila mradi mpya, uwe wa reli, wa barabara au wa bandari, utaendeshwa kwa njia hii.

Sisi wafanyakazi wa njia ya reli tumelisikiliza neno hili vizuri. Hatulitupi. Ila tuna maswali mawili ya kumwuliza anayelisema. Ni mtu gani huyo anayewekwa katikati? Na katikati ya nini? Maana hata ng'ombe wa kuchinjwa huwekwa katikati, watu wakamzunguka, na siku hiyo kila mmoja humjali sana.

NENO LIMETOKA WAPI

Mwaka 2011, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover, Ujerumani, yalitangazwa mapinduzi ya nne ya viwanda. Maana yake ni kwamba mashine ziunganishwe kwa kompyuta na zipashane habari zenyewe. Miaka 10 baadaye, Januari 2021, Tume ya Ulaya kule Brussels ikatoa kijitabu cha kusema kwamba hayo hayatoshi. Ikataka mapinduzi ya tano, yenye mambo matatu: kumjali mtu, kutunza mazingira, na kustahimili misukosuko kama ile iliyoletwa na ugonjwa wa korona. Hapo ndipo neno hili lilipopata nguvu, likasafiri mpaka kwetu.

Si maneno mabaya. Lakini kijitabu si mapatano. Hakuna mfanyakazi wa Kenya anayeweza kukipeleka mbele ya hakimu akapewa haki yake. Yatupasa basi tuangalie kile kinachofanyika kazini.

MPANGO WA KAZI ZAMANI NA SASA

Zamani injinia alichora mpango wa mradi ofisini, ukabandikwa ukutani. Ulikuwa na mistari: huu wa kuchimba, huu wa kumwaga kokoto, huu wa kutandika mataruma, huu wa kukaza reli. Jioni nyapara alipeleka hesabu, na mwisho wa juma injinia alisahihisha mistari yake. Kati ya karatasi ya ukutani na reli ya chini palikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo alikaa mtu. Mvua ikinyesha, mtu aliamua. Udongo ukititia, mtu aliamua. Mwenzetu akiamka na mgongo mbovu, nyapara mwenye utu alimpa kazi ya kushika bendera.

Sasa nafasi hiyo inazibwa. Mradi mzima hujengwa kwanza ndani ya kompyuta, kila daraja na kila bolti, na mfano huo huitwa pacha wa mradi. Ndege ndogo zisizo na rubani hupita juu kupiga picha za kazi ya leo, zikalinganishwa na pacha. Vifaa vidogo vinavyohisi joto na mtikisiko hufungwa kwenye reli. Mfanyakazi naye hufungwa mkanda wa mkononi unaohesabu hatua zake na mapigo ya moyo wake, au huvishwa kizibao chenye kifaa cha kuonyesha mahali aliposimama. Habari hizi hukusanywa na kompyuta ya kujifunza yenyewe, ile wanayoiita akili mnemba, nayo hupanga kazi upya kila saa: genge hili liende kule, fundi huyu ahamishwe, kazi hii imechelewa. Nyapara aliyekuwa akiamua amegeuka tarishi wa kupokea amri kwenye tableti na kuwasomea watu.

Hayo ndiyo mabadiliko makubwa, kuliko hata roboti. Roboti twaiona kwa macho, na kitu kinachoonekana chaweza kujadiliwa. Kinachohamishwa kimyakimya ni uamuzi: nani anaamua kazi iende kwa mwendo gani, na nani anaweza kusema "Simameni!" kazi ikasimama.

HATUPINGI MASHINE

Mtu asitusingizie kwamba tunaogopa mashine. Reli yenyewe ni mashine. Wazee wetu walitoka kwenye injini za mvuke wakaingia za dizeli, wakajifunza na wakazimudu. Taruma moja la zege la reli pana lina uzito wa zaidi ya kilo 200. Aliyelinyanyua pamoja na wenzake kwa vyuma na mabega anajua mgongo unavyolia usiku. Ikija mashine ya kulinyanyua tutaishangilia.

Julai 2024 kampuni ya reli ya magharibi mwa Japani, JR West, ilianza kutumia roboti kubwa inayofungwa juu ya gari la reli kwa kazi za juu kwenye nyaya za umeme. Inafika urefu wa mita 12 na kunyanyua kilo 40. Anayeiendesha ni mfanyakazi aliyekaa ndani ya gari hapo chini, amevaa miwani inayomwonyesha kile roboti inachokiona, na mikono ya roboti inafuata mikono yake. Hayuko tena juu akiogopa umeme na kuanguka. Ujuzi ni wake, hatari ni ya chuma. Mashine ya namna hiyo sisi twaiita rafiki.

Sasa lilinganisheni jambo hilo na mkanda wa mkononi unaopeleka mapigo ya moyo wako kwa mtu usiyemjua, naye akaamua kwamba wewe ni mvivu. Vitu vyote viwili vinauzwa kwa jina moja la kumjali mtu. Cha kwanza kinamwondolea mfanyakazi hatari na kumwachia uamuzi. Cha pili kinamwondolea uamuzi na kumwachia hatari. Hicho ndicho kipimo chetu, na twaomba kila mwanachama akishike kichwani. Likiletwa jambo jipya kazini, aulize: limechukua nini kwangu, limeniachia nini?

KISANDUKU AMBACHO HAKIMO

Tutoe mfano wa kazi yetu. Chuma hurefuka kwa joto. Reli iliyounganishwa ya kilomita 1, ikipata joto la digrii 30 zaidi, hutaka kurefuka kwa sentimita 35 hivi. Haina pa kwenda, basi inasukuma. Kinachoizuia isipinde ni mataruma na kokoto zilizoshindiliwa. Ndiyo sababu kila mzee wa genge humfundisha kijana: jua likiwa kali usilegeze kokoto, maana unaifungulia mlango nguvu iliyokuwa ikiutafuta. Reli ikipinda na gari likaja, watu wanakufa.

Katika mradi wa kontrakta mmoja, ambaye hatumtaji, genge letu liliagizwa na tableti kuinua njia na kulegeza kokoto saa saba mchana. Programu ilikuwa imesoma joto la hewa ikaona linafaa. Lakini reli iliyo juani huweza kupita hewa kwa digrii 15 au 20, na siku ile kila aliyeigusa kwa kiganja alijua. Nyapara wetu alisimamisha kazi mpaka jua lipoe. Tableti ikawa nyekundu. Genge likaandikwa limechelewa, masaa matatu yakahesabiwa kuwa ya uvivu, na mwisho wa mwezi bonasi ikakatwa.

Nyapara alipoenda kuuliza, alijibiwa kwamba programu haina mahali pa kuandika sababu kama hiyo. Ina kisanduku cha mvua, kisanduku cha vifaa kutofika, na kisanduku cha ugonjwa. Kisanduku cha "tumezuia ajali" hakimo.

Ndugu wafanyakazi, lifikirini jambo hilo. Ajali iliyotokea huandikwa, ikapigwa picha, ikaundiwa kamati. Ajali ambayo haikutokea haiandikwi popote. Na sehemu kubwa ya ujuzi wa mtu wa reli ni ajali ambazo hazikutokea: bolti iliyokazwa kabla haijalegea, mfereji uliozibuliwa kabla ya masika, neno "ngojeni" lililosemwa kwa wakati wake. Kompyuta inayojifunza kutokana na yale yaliyoandikwa itajifunza nini kutoka siku ile? Itajifunza kwamba genge lile ni la wavivu. Katika mradi unaofuata itapanga kwamba kazi ya saa saba mchana ifanywe saa saba mchana, na labda atapelekwa nyapara mwingine asiye na kiburi cha kusema ngojeni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kompyuta haijalala kitanda chochote.

HESABU ZA MIGONGO YA WATU

Jambo hili lina babu zake. Mmarekani Frederick Taylor alitoa mwaka 1911 kitabu cha kufundisha usimamizi wa kazi kwa njia ya sayansi. Alitumia saa ya kuhesabu sekunde kupima kila mkono ulivyokwenda. Alijisifu humo kwamba katika kampuni ya chuma ya Bethlehem alimfanya mtu aliyekuwa akibeba tani 12 na nusu kwa siku abebe tani 47, na mshahara wake wa siku ukapanda kutoka dola 1 na senti 15 hadi dola 1 na senti 85. Pigeni hesabu wenyewe. Mzigo ulikaribia mara nne. Mshahara haukufika hata mara mbili. Mwenzake Taylor, Henry Gantt, ndiye aliyeeneza ile michoro ya mistari ya mpango wa kazi, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake katika ofisi za miradi.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, mafundi wa kusubu chuma walitoka kazini kwa sababu ya saa hiyo. Bunge likachunguza, na mwaka 1915 likakataza fedha za serikali zisitumike kuwapima kwa saa ya sekunde wafanyakazi wa viwanda vya jeshi. Mkanda wa mkononi wa leo ni saa ile ile. Tofauti ni moja: Taylor alichoka jioni akaenda kulala, lakini mkanda haulali.

Hata sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Farao. Aliwanyima watu majani ya kutengenezea matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Walipolia aliwaita wavivu. Farao hakuwa na kompyuta, lakini programu alikuwa nayo.

Na reli hii yetu je? Ilipojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 mpaka ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, waliletwa kutoka India vibarua karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Mkubwa wa mpango alikuwa London. Mwenye kalamu hakushika sururu, na mwenye sururu hakupewa kalamu. Jambo la kuogopa sasa ni kwamba kalamu inakwenda mbali zaidi, ndani ya kompyuta iliyo nchi nyingine, wala haina hata uso wa kuutazama.

WAFANYAKAZI NDIO WALIOANZA

Hapa twataka kusema neno ambalo wakubwa wa semina hawalisemi. Fikira ya mashine ya kumjali mtu haikuzaliwa Brussels mwaka 2021. Wafanyakazi na vyama vyao walikuwa wakiipigania miaka 50 iliyopita.

Norway, tangu mwaka 1971, chama cha wafanyakazi wa chuma kilishirikiana na mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard. Hawakuuliza jinsi ya kuzuia kompyuta. Waliuliza jinsi wanachama watakavyozielewa ili waweze kubishana na tajiri kwa hoja. Mwaka 1975 shirikisho la vyama na shirikisho la waajiri walitia sahihi mapatano: mashine ya kompyuta ikitaka kuletwa kazini, wafanyakazi waelezwe mapema na kwa lugha wanayoielewa, na waweze kuchagua mjumbe wao wa kushughulikia mambo ya kompyuta.

Uingereza, katika kampuni ya Lucas Aerospace iliyotengeneza vifaa vya ndege, wafanyakazi walitishwa na kuachishwa kazi. Wajumbe wao waliwauliza wenzao viwandani: tuna ujuzi gani, tuna mashine gani, na watu wanahitaji nini? Mwaka 1976 wakatoa mpango wao wenyewe wenye vitu kama 150 vya kutengeneza. Kimoja kilikuwa gari linaloweza kwenda barabarani na pia juu ya reli, nalo lilijengwa la mfano likajaribiwa. Wakubwa wa kampuni waliukataa mpango. Mmoja wa waliouongoza, injinia Mike Cooley, alifukuzwa kazi mwaka 1981. Huyu Cooley ndiye aliyehubiri maisha yake yote kwamba mashine ijengwe kuufuata ujuzi wa mtu, wala ujuzi wa mtu usikatwe kuufuata mashine.

Mwaka 1981 chama cha wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Skandinavia kilianza mradi pamoja na wataalamu wa vyuo. Wachapaji hawakungoja mashine ije imalizike. Walichukua maboksi ya karatasi ngumu na mbao, wakayapanga kama ndiyo kompyuta na mitambo ya kuchapia, wakajaribu kazi yao juu ya maboksi hayo: hapa mkono haufiki, hapa jicho linachoka, hapa uamuzi ni wetu. Kisha wakasema mashine ifuate hivyo. Boksi ni bei rahisi kulibadilisha. Mashine iliyokwisha kununuliwa haibadiliki.

Basi tunapoambiwa "kumweka mtu katikati", tukumbuke kwamba tunarudishiwa mali yetu, lakini imetolewa kiini. Kiini kilikuwa hiki: mfanyakazi awepo mpango unapochorwa. Wamechukua ganda lenye maneno mazuri, kiini wamekiacha.

WANAYOTUJIBU

Tukisema haya tunajibiwa mambo matatu.

Kwanza, wanasema kompyuta haina upendeleo, haina kabila, haili rushwa. Ni kweli kwamba tumewaona manyapara wa kupendelea ndugu zao, na wala hatuwatetei. Lakini kompyuta hufuata aliyeiagiza. Ikiambiwa wakati ni mali na mgongo si mali, itahesabu wakati na kuacha mgongo. Nyapara mbaya twaweza kumshtaki kwa jina lake. Kompyuta tutaishtaki kwa jina gani?

Pili, wanasema mambo haya ni ya ufundi, yako juu ya elimu yetu. Basi tuwaulize wao: reli ya saa saba mchana ina joto kiasi gani? Elimu ziko mbili, ya ofisini na ya njiani, na mradi usio na zote mbili hutembea kwa mguu mmoja. Hatujadai kuandika programu. Tunadai kuulizwa inaandikwa nini juu ya kazi yetu.

Tatu, wanasema tukipinga, mradi utakwenda nchi nyingine na kazi zitapotea. Maneno haya si mapya. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, watu wapatao 15,000 pamoja na wa reli na bandari, wakidai mishahara ya kuishi, kulikuwa na waliosema watajiharibia. Bandari haikuhama. Walichopata ni kwamba tangu siku hiyo wakubwa walianza kusikia.

SHERIA TULIZO NAZO

Wengine wetu hudhani kwamba hatuna silaha. Tunazo, zimelala sandukuni.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, na inakipa chama haki ya kufanya mapatano ya pamoja na mwajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana vizuri. Sisi twasema programu inayopanga mwendo wa kazi na bonasi ni habari inayohusika kuliko zote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Kifungu cha 14 kinamwambia mfanyakazi aripoti kwa msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na kinamkataza mwajiri kumrudisha mtu kazini wakati hatari hiyo bado ipo. Hakikuandikwa humo kwamba hatari si hatari mpaka tableti iione.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumika kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zilizo za uongo zisahihishwe. Kifungu cha 35 kinasema mtu asikatiwe jambo zito na mashine peke yake. Lakini jihadharini: kifungu hicho kina mlango wa nyuma. Ukikubali kwa ridhaa yako, au ikiwa ni lazima kwa ajili ya mkataba, kinga hiyo inapungua. Ndiyo sababu karatasi za "nimekubali" zinatolewa asubuhi na mapema, watu wakiwa na haraka ya kupanda lori. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Mpelekee mjumbe wako kwanza.

TUNAYODAI

Yafuatayo twataka yaingizwe katika mapatano yajayo, nayo yafuate kila mradi na kila kontrakta mdogo anayepewa kipande cha kazi:

1. Mpango na pacha wa mradi visimalizwe kabla ya wajumbe wa magenge kuitwa na kusikilizwa. Waitwe kabla ya mashine kununuliwa.

2. Kila programu ya kazi iwe na mahali ambapo genge laweza kuandika sababu kwa maneno yake, kwa Kiswahili. Muda uliotumika kuzuia hatari ulipwe kama muda wa kazi.

3. Genge au nyapara akisema "Simameni" kwa sababu ya usalama, kazi isimame mpaka mtu mwenye ujuzi afike kuangalia. Tableti isiwe na neno la mwisho.

4. Mapigo ya moyo, hatua na usingizi wa mtu ni mali ya mwenye mwili. Zikikusanywa kwa ajili ya afya zisitumike kukata mshahara wala kuadhibu, na asiyetaka mkanda asifukuzwe.

5. Kukatwa bonasi, kuhamishwa au kuachishwa kazi kuwe na jina na sahihi ya mtu aliyeamua, ili tujue wa kumwuliza.

6. Mradi ukimalizika mapema kwa sababu ya mashine, sehemu ya faida iende kwenye mishahara na mafunzo. Mashine ikichukua kazi ya mtu, mtu huyo afundishwe kwanza kuitumia.

7. Kila tawi lichague mjumbe wa mambo ya kompyuta, apewe muda wa kazi kujifunza, kama walivyofanya wenzetu wa Norway.

KAZI YETU SISI WENYEWE

Kudai hakutoshi. Wako wenzetu wanaosema mkanda huu tuufunge kwenye mkia wa punda, tableti ifurahi kwa hatua nyingi. Tumecheka, ni mzaha mzuri. Lakini punda hatatujengea haki. Hila ya mtu mmoja humsaidia siku moja, na kesho yake wakubwa wataitumia kusema wafanyakazi ni waongo.

Twataka kila genge linunue daftari la shule, liitwe Daftari la Ajali Zilizozuiwa. Kila jioni mmoja wenu aandike: tarehe, mahali, tableti iliagiza nini, sisi tuliona nini, tulifanya nini, na masaa mangapi yalikatwa. Yaandikwe maneno mafupi na ya kweli, bila matusi wala kutia chumvi. Nyapara atie sahihi akiweza, na mashahidi wawili watie zao. Daftari liletwe katika mkutano wa tawi kila mwezi.

Wao wana habari zao, nasi tuwe na zetu. Tukikaa mezani na wakubwa watatuonyesha michoro yao yenye rangi nyekundu na kijani. Sisi tutafungua madaftari, tuwaonyeshe kile ambacho kompyuta yao haikukiona: reli ambayo haikupinda, daraja ambalo halikutitia, na watu waliofika nyumbani salama. Siku hiyo ndipo tutakapojua kama neno la kumjali mtu lina ukweli ndani yake.

Ndugu wafanyakazi, msiliache neno hili liwapite. Lisomeeni wasiojua kusoma, lijadilini wakati wa chakula, na fikeni mkutanoni na madaftari yenu.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Sisi wenzenu wa njia ya reli.